Dawa moja, mizani mbili: siku jaribio la lupus litakapofika Bukavu

"Docta, hii dawa ilishindwa mu 2018, kisha wakaikubali mu 2021. Ni dawa njo ilibadilika, ao ni wao?"

Anayeuliza ni mwanamke anayeishi na lupus, ugonjwa ambamo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Ameketi mbele ya munganga wake, hapa Bukavu, simu mkononi. Amesoma habari za anifrolumabu, dawa ya lupus, hadi usiku wa manane. Munganga anamjibu taratibu: "Dada, dawa haikubadilika. Namna ya kuipima njo ilibadilika." Dada ananyamaza kidogo, kisha anauliza la pili: "Basi siku wakikuja kuipima kwetu, watatupima na mizani gani?"

Swali la kwanza lina jibu. La pili limenikalia kichwani majuma mengi.

Dozi ileile, majibu mawili

Anifrolumabu hufunga mlango wa seli ambamo interferoni za aina ya kwanza, protini za kinga dhidi ya virusi, hupitisha ujumbe wao. Kwa wagonjwa wengi wa lupus interferoni hizo zimepanda muda wote, mwili ukijitetea dhidi ya virusi ambavyo havipo. Ukifunga mlango, moto unapungua. Ndiyo nadharia.

Majaribio mawili makubwa ya mwisho, TULIP-1 na TULIP-2, yalipangwa karibu sawa. Miligramu 300 kwenye mshipa kila baada ya majuma 4, hadi juma la 48, kisha hesabu juma la 52. Kila mtu aliendelea na dawa zake za kawaida. Wengine waliongezewa anifrolumabu, wengine maji yasiyo na dawa (plasebo), na hakuna aliyejua amepata nini.

TULIP-1 ilikuwa na watu 457. Kipimo chake kikuu kiliitwa SRI-4. Juma la 52, waliohesabiwa kupata nafuu kwa dozi ya 300 walikuwa asilimia 36. Kwenye plasebo walikuwa asilimia 40.

Maji yaliishinda dawa.

TULIP-2 ilikuwa na watu 362. Kabla ya siri ya makundi kufunguliwa, watafiti walibadilisha kipimo kikuu, wakachukua kingine kinachoitwa BICLA. Matokeo: asilimia 47,8 kwa dawa, 31,5 kwa plasebo. Mwishoni mwa Julai 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaikubali.

Mtu kubadilisha kipimo baada ya kushindwa kunatia shaka, na shaka hiyo ni ya haki. Mimi pia niliibeba kwa muda. Kinachoipunguza ni kwamba TULIP-2 ilifaulu hata kwa kipimo cha zamani: ukihesabu kwa SRI-4, ni 55,5 dhidi ya 37,3. Tena TULIP-1 ilikuwa na kanuni kali kuhusu dawa za maumivu. Mtu aliyeanza dawa fulani ya kutuliza maumivu na uvimbe aliweza kuandikwa kwamba dawa ya jaribio imemshinda, hata kama viungo vyake vilikuwa vimepoa. Kanuni hiyo ilirekebishwa, na kwa BICLA hesabu ya TULIP-1 ikawa takriban 47 dhidi ya 30. Lakini marekebisho hayo yalifanywa siri ikiwa imekwisha kufunguliwa, kwa hiyo hayawezi kubeba uzito sawa na TULIP-2.

Ninaamini dawa inafanya kazi. Ninaamini pia kwamba ilikuwa karibu kutupwa kwa sababu ya karatasi ya hesabu.

Pointi zinavyohesabiwa

Kiini cha SRI-4 ni orodha ya SLEDAI: dalili 24, kila moja na pointi zake. Degedege ya lupus ni 8. Viungo viwili au zaidi vyenye maumivu na uvimbe, 4. Protini ya mkojo inayozidi nusu gramu kwa saa 24, 4. Upele, 2. Nywele kunyofoka, 2. Vidonda vya kinywa, 2. Komplementi (protini za kinga kwenye damu) kushuka, 2. Kingamwili dhidi ya DNA kupanda, 2. Homa, 1. Chembe nyeupe chini ya 3 000, 1. Vigandisha-damu chini ya 100 000, 1. Ili kuingia jaribioni, kwa kawaida unatakiwa uwe na angalau 6. Ili uhesabiwe umepona kiasi cha kutosha, ushuke angalau 4, bila kiungo kingine cha mwili kuharibika, na bila munganga kuongeza alama yake ya jumla kwa 0,3 kwenye mstari wa 0 hadi 3.

Sasa tuchukue mama wa mfano: viungo 4, upele 2, nywele 2, komplementi 2, kingamwili 2. Jumla 12. Anaanza na viungo kumi vilivyovimba, hawezi kukamua nguo. Baada ya mwaka vimebaki vitatu, anafua, anapika, anapanda ngazi za Kadutu. SLEDAI inampa ngapi kwa viungo?

Bado 4.

Kila dalili ipo au haipo, nusu haiandikwi. Kama upele na nywele navyo vimepungua bila kuisha, mama huyu anabaki na 12, na jaribio linaandika kwamba dawa imemshinda. BICLA hutumia herufi, A kwa ugonjwa mkali hadi E kwa kiungo ambacho hakijawahi kuguswa, na kushuka kutoka A hadi B kunahesabiwa. Lakini BICLA inadai kila kiungo kilichokuwa kikali kipungue, hakuna kinachoachwa nyuma. Hizi mizani mbili zinaona watu tofauti.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya picha havisemi vya kutosha. Upele wa lupus kwenye ngozi yetu mara nyingi si mwekundu. Unakuja na rangi ya zambarau au kahawia nzito, na ukipona unaacha doa jeusi au jeupe linalokaa miezi. Doa ni kovu, si ugonjwa ulio hai. Mpimaji aliyejifunza kwa picha za ngozi nyeupe anaweza kuukosa upele ulio hai siku ya kwanza, au kuendelea kuandika pointi 2 juma la 52 kwa ajili ya doa. Makosa yote mawili yanaiibia dawa. Suluhisho ni mafunzo yenye picha za hapa, na mpimaji yuleyule kwa mgonjwa yuleyule kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nani alihesabiwa

Belimumabu ilikubaliwa Marekani Machi 2011, dawa ya kwanza mpya ya lupus baada ya zaidi ya miaka 50. Jaribio moja lake, BLISS-52, lilikuwa na watu 865 kutoka Amerika ya Kusini, Asia na Ulaya ya Mashariki: asilimia 58 walipata nafuu kwa dozi ya miligramu 10 kwa kilo, 44 kwa plasebo. La pili, BLISS-76, lilitoa 43 dhidi ya 34.

Ndani ya majaribio yote mawili, watu weusi hawakufika mmoja kati ya kumi. Na katika kikundi hicho kidogo, dawa haikuonekana kufanya kazi.

Ugonjwa ambao unatupata zaidi na kutupiga figo zaidi ulikuwa umepimwa kwa wengine. Mamlaka ya Marekani ikadai jaribio jingine la watu weusi pekee. Likaitwa EMBRACE, takriban watu 450. Juma la 52: asilimia 48,7 kwa belimumabu, 41,6 kwa plasebo. Tofauti hiyo haikutosha kuondoa uwezekano wa bahati tu.

Hapa nimesikia watu wakihitimisha haraka: "Hii dawa haifanyi kwa watu weusi." Hapana. Tofauti ya asilimia saba ni karibu sawa na tisa za BLISS-76, ila jaribio lilikuwa dogo kuliko BLISS-76. Jaribio dogo likikosa kuona kitu, halijathibitisha kwamba kitu hicho hakipo. Wale waliokuwa na ugonjwa mkali zaidi tangu mwanzo walionekana kufaidika zaidi. Kinachoniumiza ni mpangilio: dawa kwanza, swali letu baadaye, na swali letu likapewa idadi isiyotosha kulijibu.

Homa ya hapa

Sasa swali la pili la yule dada. Tuseme jaribio limefika Bukavu, Goma au Lubumbashi. Orodha ileile ya dalili 24.

Mgonjwa anakuja na homa ya nyuzi 38,5, vigandisha-damu 80 000, chembe nyeupe 2 800. Kwenye karatasi ni pointi 3 za lupus. Kwa munganga yeyote wa hapa, neno la kwanza ni palu, yaani malaria. Palu inaleta homa, inashusha vigandisha-damu, na ikipanda kichwani inaleta degedege, ambayo kwenye SLEDAI ni 8. Shambulio moja la palu lisilopimwa linaweza kumfanya mgonjwa aonekane amelipuka lupus, akaongezewa kotizoni (prednisoloni na jamii yake), na kuongezewa kotizoni kupita kiwango ndiko kunakomwondoa kwenye hesabu ya waliopona.

Kanuni za SLEDAI zinasema homa ya maambukizi isihesabiwe. Maneno hayo yanatosha London. Hapa yanahitaji utaratibu ulioandikwa: kila homa, TDR (kipimo cha haraka cha palu) siku hiyohiyo na damu iangaliwe kwa darubini, kama ni palu, alama za homa, vigandisha-damu na chembe nyeupe zisiandikwe mpaka matibabu yaishe na damu ipimwe tena. Na asidhani mtu kwamba hidroksiklorokwini, dawa ya kawaida ya lupus, inamkinga. Vimelea vya palu vya Kongo vimezoea klorokwini tangu zamani. Tena dawa ya palu yenyewe, artemeteri na lumefantrini, inaweza kurefusha mpigo wa umeme wa moyo, na hidroksiklorokwini nayo vilevile. Amodiakwini, dawa nyingine ya palu, ni ndugu wa karibu wa hidroksiklorokwini. Kipimo cha umeme wa moyo kifanywe siku ya kuingia, ili siku ya palu kuwe na cha kulinganisha.

Kichocho kinatia damu na protini kwenye mkojo. Mwenye mkojo wa namna hiyo, mayai ya kichocho yatafutwe kabla ya kusema ni figo za lupus. Minyoo ya strongiloide inaweza kusambaa mwili mzima chini ya kotizoni nyingi, na ivemektini mikrogramu 200 kwa kilo inatolewa mapema.

Kifua kikuu ni kizito zaidi. Majaribio kama TULIP hupima kifua kikuu kilicholala kabla ya kumruhusu mtu. Mwenye nacho hutibiwa kwanza, na hapa watakuwa wengi. Lakini rifampisini na rifapentini huharakisha ini kuivunja prednisoloni. Mgonjwa aliyekuwa ametulia kwa miligramu 10 anaanza kuvimba viungo, si kwa sababu lupus imebadilika, bali kotizoni yake inaishia kwenye ini. Kwa wengi isoniazidi ya miezi 6, pamoja na vitamini B6, ni njia iliyo salama zaidi kwa hesabu ya jaribio. Ni ndefu, nakubali.

Na zona, mkanda wa jeshi: katika TULIP-2 ilitokea kwa asilimia 7,2 ya waliopewa anifrolumabu, 1,1 kwa plasebo. Interferoni ndizo askari wa kwanza dhidi ya virusi, na huwezi kuwafunga bila bei. Mahali penye VVU na mpox, karatasi ya ruhusa iseme jambo hilo ukurasa wa kwanza.

Vidonge visivyotajwa

Majaribio huuliza: unatumia dawa gani nyingine? Jibu la kwanza huwa "hakuna". Basi iulizwe kitu kwa kitu.

Deksametazoni inauzwa farmasi nyingi bila ordonansi, na wapo wanaoimeza ili wanenepe. Kidonge kimoja cha miligramu 0,5 ni sawa na prednisoloni ya zaidi ya miligramu 3. Vitatu kwa siku ni karibu 10. Katika TULIP, mtu aliyeanza na prednisoloni ya 10 au zaidi alitakiwa ajaribu kushuka hadi 7,5 kabla ya juma la 40. Mwenye deksametazoni mfukoni "atafaulu" bila shida, hata kama yuko kwenye plasebo.

Krimu za kujichubua ni hivyohivyo. Nyingi zina klobetasoli, kotizoni kali ya ngozi. Upele unafifia, pointi 2 zinashuka, sifa kinapewa kilichomo kwenye chupa ya jaribio. Akiacha krimu, upele unarudi na lawama ni ileile. Halafu ngozi iliyochubuliwa inaungua kwa jua, na jua ni adui wa lupus. Swali hili linataka faragha. Aulizwe na mama mwenzake, mlango umefungwa, bila sauti ya kuhukumu, maana atakayeaibishwa atasema hapana.

Baktrimu, antibiotiki yenye sulfa: hapa inatolewa kwa kikohozi, kwa tumbo, kwa kila kitu. Wagonjwa wa lupus hupata mzio wa sulfa zaidi ya watu wengine, na wengine ugonjwa wao unalipuka. Ni dozi chache tu zinatosha kuharibu miezi ya kazi. Kila mshiriki apewe kadi ya kubeba yenye maneno machache: nina lupus, nisipewe sulfa bila kumpigia munganga huyu.

Plasebo iliyopona

Jambo hili ndilo lililonigeuza mawazo zaidi, na halikutoka kwenye lupus.

Agosti 2024 yalitangazwa matokeo ya jaribio la tekovirimati dhidi ya mpox, lililofanyika Tunda na Kole, hapa Kongo, watu 597. Dawa haikuharakisha kupona vidonda. Lakini waliokufa, makundi yote pamoja, walikuwa asilimia 1,7 tu, wakati kiwango kilichozoeleka nchini kilikuwa 3,6 au zaidi. Wagonjwa walilazwa, walilishwa, walisafishwa vidonda, palu ilitibiwa. Matunzo yaliokoa watu, dawa ikakosa pa kuonekana.

Lupus itafanya vilevile, tena kwa nguvu zaidi. Wagonjwa wetu wengi hawana hidroksiklorokwini kwa mfululizo. Wanaipata mwezi huu, mwezi ujao farmasi haina. Jaribio likifika linampa kila mtu hidroksiklorokwini bure, munganga anayejua lupus, mkojo kupimwa kila mwezi. Kundi la plasebo litapona kwa wingi, na dawa mpya itaonekana haina faida. Kisha kampuni itaondoka ikisema dawa haifanyi kazi Afrika.

Kwa hiyo kabla ya kugawa makundi kuwe na kipindi cha kutulia. Kila mtu aanze hidroksiklorokwini ya kweli na asubiri. Kwa muda gani? Dawa hii hukaa mwilini sana, nusu yake huchukua takriban siku 40 kutoka, kwa hiyo huchukua karibu miezi 6 kufika usawa wake. Majuma 12 ni ya chini kabisa, 24 ningeyapenda zaidi. Lakini mgonjwa mwenye figo zinazoharibika hana majuma 24 ya kungoja. Hapa sina suluhisho safi. Naona wenye figo wapewe njia yao, waanze matibabu ya figo mara moja, na wasichanganywe na wenye viungo na ngozi. TULIP zenyewe ziliwaacha nje wenye ugonjwa mkali wa figo.

Dozi: isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito halisi kwa siku. Mama wa kilo 55 anaishia 275. Kidonge ni 200, na hakikatwi vizuri. Basi tunahesabu kwa juma: vidonge 9, yaani viwili Jumatatu na Alhamisi, kimoja siku nyingine zote. Hiyo ni 257 kwa siku. Macho yakaguliwe mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka baada ya miaka 5, mapema zaidi kama figo ni dhaifu. Na kiwango cha dawa kwenye damu kipimwe, kwa sababu anayegawana vidonge na dada yake mwenye lupus hatakwambia, wala hafanyi hivyo kwa moyo mbaya.

Wako watakaouliza kama kumfanya mtu asubiri ni kumnyima. Hidroksiklorokwini inapunguza milipuko na inaongeza maisha. Kwa wengi hicho kipindi cha kungojea kitakuwa matibabu bora waliyowahi kupata.

Frigo, delestaji, na siku iliyokosekana

Belimumabu ya mshipa inakuja unga, chupa za miligramu 120 na 400. Mama wa kilo 60 anahitaji 600: chupa moja ya 400 na mbili za 120. Unga unayeyushwa kwa kuzungusha chupa polepole, bila kuitikisa, na inaweza kuchukua dakika 10 hadi 30. Kisha inaingia kwenye serumu ya chumvi ya 0,9, mililita 250, na kushuka kwa saa moja. Serumu ya glukozi hairuhusiwi kabisa, dawa haipatani nayo. Tangu kuyeyushwa hadi tone la mwisho zisipite saa 8. Siku 0, 14, 28, kisha kila siku 28.

Chupa zinakaa nyuzi 2 hadi 8, na zikiganda zimekufa. Frigo ya nyumbani haifai, karibu na barafu inashuka chini ya sifuri. Inatakiwa frigo ya chanjo, kifaa kinachoandika joto usiku na mchana, betri za jua, na jenereta yenye mafuta yaliyolipiwa tayari. Delestaji (umeme kukatwa) ya saa moja si tatizo kama mlango haufunguliwi. Delestaji ya usiku mzima bila kifaa cha kuandika ni mbaya zaidi, kwa sababu asubuhi frigo ni baridi tena na hakuna anayejua.

Haya yote yanawezekana, fedha zikiwapo. Kinachonitisha ni siku iliyokosekana.

Katika majaribio haya, mtu asiyefika juma la 52 huhesabiwa kuwa dawa imemshinda. Ni kanuni nzuri, inazuia udanganyifu. Lakini tazama hesabu. Tuseme kweli ya dawa ni watu 50 kwa mia, plasebo 35, tofauti 15. Ili kuiona unahitaji takriban watu 170 kila kundi. Sasa barabara inafungwa, na watu 20 kwa mia wanapotea kila upande. 50 inakuwa 40, 35 inakuwa 28, tofauti 12. Unahitaji takriban 240 kila kundi. Dawa ni ileile.

Januari 2025 Goma iliona vita, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga. Februari ikawa Bukavu. Jaribio la majuma 52 lililoanza Desemba lingekuwa limepoteza wangapi?

Wengine wanasema basi lisije. Siko nao. Mwaka 2018 na 2019, jaribio la dawa za Ebola lilifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, watu 681, vituo vya Katwa na Butembo vikashambuliwa Februari 2019, na bado likatoa jibu: dawa mbili zilizookoa zaidi ya nyingine. Moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995. Ila pale jibu lilikuja siku ya 28. Lupus inataka mwaka. Basi mpango ufuate hali: vituo viwili, Goma na Bukavu, mgonjwa apokelewe popote, sindano ya chini ya ngozi ya belimumabu, miligramu 200 kila juma, mahali pa serumu, muuguzi mwenye sanduku la baridi anayefika nyumbani, upimaji unaokubalika kwa simu ya video kwa viungo na ngozi, na idadi ihesabiwe tangu mwanzo kwa watu watakaopotea. Lubumbashi ingeweza kubeba sehemu kubwa, kwa sababu ya utulivu wake, na Chuo Kikuu kipo.

Sampuli za komplementi na kingamwili dhidi ya DNA nazo zinataka mawazo. Kuzituma ng'ambo kwenye barafu kavu, ndege ikikosa, ni kuzipoteza. Mashine ya kupima komplementi, C3 na C4, hapahapa inagharimu, lakini inabaki baada ya jaribio.

Juma la 53

Neno la mtaani ni kobaye, mnyama wa kujaribiwa dawa. "Wanatufanya kobaye." Sipendi kulipuuza, kwa sababu mara nyingi lina swali ndani: mkimaliza, mimi nabaki na nini?

Feksinidazoli ya ugonjwa wa malale ilijaribiwa hapa Kongo, na leo mgonjwa wa malale anaipata bure. Ni mfano tunaopaswa kuudai. Azimio la Helsinki, lililosahihishwa tena Oktoba 2024, linataka mambo ya baada ya jaribio yapangwe kabla halijaanza na yaandikwe kwenye karatasi ya ruhusa. Kwa lupus maana yake ni kitu cha kupimika: aliyepata nafuu anaendelea kupewa dawa kwa muda gani, nani analipa, inahifadhiwa wapi, na aliyekuwa kwenye plasebo anapata nini. Hidroksiklorokwini kwa wote, angalau miaka kadhaa, ni gharama ndogo mno kwa kampuni ya namna hiyo kuikataa.

Kwa wanawake, kuna jambo linalopaswa kuzungumzwa nyumbani kabla ya kusaini. Jaribio litadai uzazi wa mpango kwa zaidi ya mwaka. Mikofenolati, dawa nyingine ya lupus, inaharibu mimba, na inaachwa angalau majuma 6 kabla ya kutafuta mtoto. Mwenye kingamwili za fosfolipidi asipewe vidonge vyenye estrojeni, kwa sababu ya damu kuganda. Kipandikizi cha mkononi au kitanzi ni salama zaidi. Mume akitaka kuja kusikiliza, aje. Lakini sahihi ni ya mgonjwa, na kujitoa kwake siku yoyote kusimfanye apoteze munganga wake wa kawaida.

Karatasi ya ruhusa isomwe kwa Kiswahili cha hapa, kwa sauti, apewe nakala, alale nayo usiku mmoja au zaidi. Aangalie iwe na muhuri wa kamati ya maadili, ruhusa ya ACOREP (mamlaka ya dawa ya Kongo), namba ya simu ya munganga wa jaribio anayejibu usiku, na namba nyingine ya kamati, tofauti na ya watafiti, ya kupeleka malalamiko. Ikikosekana mojawapo, airudishe bila kusaini na aombe iliyo kamili.